Mombo hadi Mtae kwa baiskeli: kupanda mtaweza, tuzungumze kushuka

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga mjini, nina miaka 44, na kila siku naenda kazini kwa baiskeli. Likizo ya Juni mimi na wenzangu wawili tunataka tupande kutoka Mombo hadi Lushoto, tupite Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, tufike Mtae, kisha turudi. Wawili tuna baiskeli za gia za mtumba. Wa tatu ana Phoenix isiyo na gia aliyoachiwa na baba yake na haambiliki juu yake. Sote ni watu wa pwani, tumezoea tambarare. Je, mapafu na miguu yetu itaweza mlima? Baiskeli hizi zinafaa? Na ndani ya hifadhi tunaruhusiwa kuendesha?

Jibu:

Mwalimu, habari za kazi. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja na nimeona limejaa kupanda tupu. Mapafu, miguu, mlima. Kushuka hukukutaja kabisa. Wageni wengi wa milima hiyo ya Usambara huja hivyo hivyo, na ndiyo maana nitajibu ulichouliza kwa ufupi, halafu nikae zaidi kwenye kile ambacho hukuuliza.

Kupanda mtaweza. Mombo iko mita 400 na ushee kutoka usawa wa bahari, na Lushoto iko karibu na mita 1,400. Barabara ni ya lami, kilomita 33, na sehemu kubwa ya mwinuko iko kabla ya kufika mji mdogo wa Soni. Ukishavuka Soni na maporomoko yake, mlima unalegea. Mtu wa kawaida anayeendesha baiskeli kila siku, akiwa na gia nyepesi na asiyeona haya kusimama, anamaliza safari hiyo kwa saa nne au tano pamoja na kupumzika. Kuhusu mapafu, wala msiwe na wasiwasi wa hewa nyepesi. Njia yenu hata sehemu zake za juu inacheza karibu na mita 2,000, na maradhi ya kimo kwa kawaida huanza kusumbua watu juu ya mita 2,500. Mtahema, ndiyo. Ni kuhema kwa kazi tu.

Kinachoamua kupanda ni meno ya gia. Hesabu meno ya kile kisahani kidogo kabisa cha mbele na ya kile kikubwa kabisa cha nyuma. Kama mbele ni 22 na nyuma ni 34, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 1.3. Hapo umepata gia ya mlima. Baiskeli nyingi za mtumba zina 28 mbele na 28 nyuma, yaani kama mita 2 kwa mzunguko. Hiyo nayo inapanda Soni, ila mtaisikia mapajani. Sasa njoo kwenye Phoenix: mara nyingi mbele ina meno 48 na nyuma kama 20, kwa hiyo kila mzunguko unadai mita 5 na zaidi. Kwa Tanga mjini, Ngamiani hadi Raskazone, hiyo ni raha tupu. Kwa kona za Mombo mwenzenu atasukuma kwa mkono sehemu kubwa ya njia. Kusukuma si aibu, Wasambaa wenyewe wanasukuma baiskeli zao zikiwa na gunia la viazi juu ya keria, na hakuna anayewacheka.

Jambo moja la kiti, maana magoti ya miaka arobaini na kitu hayasamehe: kaa juu ya siti, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke. Ukikanyaga kwa mbele ya mguu kama kawaida, goti litabaki limekunjika kidogo tu, na hapo ndipo linapotakiwa kuwa. Watu wetu wengi huishusha siti ili miguu yote miwili ifike chini, na kwenye tambarare hailetei shida kubwa. Mlimani goti litakudai ifikapo siku ya pili.

Sasa tuje kwenye kushuka.

Wewe ni mwalimu, hutaikimbia hesabu. Mtu, baiskeli na mzigo tuseme ni kilo 95. Kuvipandisha mita 950 ni kazi ya karibu kilojuli 880. Kazi hiyo yote mliyoimaliza kwa jasho asubuhi nzima inabaki imewekwa juu kule, na siku ya kurudi italipwa yote. Sehemu itachukuliwa na upepo. Iliyobaki, kama hamtaki kuruka kona, lazima iishie kwenye breki ikiwa joto. Kilojuli 880 ni joto la kutosha kuchemsha lita mbili na nusu za maji ya bombani. Sasa hebu liwaze joto hilo likipita kwenye vipande vinne vya raba za breki, kila kimoja kama kidole gumba.

Ndiyo maana anayeshuka huku amebana breki mfululizo, kwa kuogopa mwendo, ndiye anayejiweka hatarini kuliko wote. Rimu inapata joto, joto linahamia kwenye tairi na tyubu, upepo wa ndani unatanuka, na tyubu inaweza kupasuka ukiwa katikati ya kona. Raba nazo zikipata moto sana zinateleza badala ya kukamata. Dawa yake ni kubana kwa nguvu kwa muda mfupi na kuachia: punguza mwendo kabla ya kona, achia, acha upepo upooze rimu, kisha bana tena kabla ya kona inayofuata. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa. Watu wa kwetu wanaiogopa kwa sababu walishaonywa utotoni kwamba itawapindua, basi wanategemea ya nyuma peke yake mpaka gurudumu linaserereka. Sogeza makalio nyuma ya siti, nyoosha mikono kiasi, bana ya mbele taratibu ukiongeza nguvu, na ya nyuma iwe msaidizi. Fanyeni zoezi hilo Tanga, kwenye mteremko wowote mdogo wenye lami safi, kabla ya kufikiria Mombo. Na mkiona rimu haigusiki kwa kidole, simameni mnywe chai. Kwa wenye breki za disiki ni vivyo hivyo, ila msiguse ile sahani, itawaunguza vibaya.

Mzipeleke baiskeli kwa fundi, lakini kuna mambo matatu ambayo ningependa uyaone kwa macho yako mwenyewe. La kwanza ni raba. Baiskeli ya mtumba imekaa stoo Ulaya au Japani miaka mingi, kisha ikakaa kontenani. Raba zake zinaonekana nene, nzima, na zimekauka kama mfupa. Zibonyeze kwa ukucha. Kama ukucha hauachi alama hata kidogo, tupa, nunua mpya, bei yake ni ndogo kuliko chakula cha siku. Kama zimelainika vizuri, zigeuze kwenye mwanga uangalie uso unaogusa rimu. Utaona nukta zinazong'aa. Hizo ni chembe za aluminiamu zilizong'oka kwenye rimu na kujichimbia ndani ya raba, na zikibaki humo zinaikwangua rimu kila unapobana. Zichokoe kwa sindano, moja moja, kisha piga msasa kidogo.

La pili ni waya. Watu hukagua ule ulio nje, unaoonekana. Waya haukatikii hapo. Bana mkono wa breki mpaka mwisho, washa tochi ya simu, chungulia ndani pale kichwa cha waya kinapokaa. Waya wa breki ni nyuzi nyingi zilizosokotwa. Kama unaona hata uzi mmoja umekatika na umesimama nje, waya huo umeanza safari yake ya mwisho na hautafika Mtae. Badilisha wote wawili, wa mbele na wa nyuma, bila kujadiliana na nafsi.

La tatu ni rimu yenyewe. Pitisha kidole ubavuni mwake. Ukiona pamebonyea ndani kama kisahani, imeshalika na ukuta umebaki mwembamba, na ukuta huo ndio unaozuia tairi lenye upepo. Usiende nayo mlimani.

Kuhusu Phoenix ya mwenzenu, nitasema wazi ingawa najua atanuna. Kupanda nayo sina tatizo. Kushuka nayo, hapana. Breki zake ni za vyuma, zinavutwa kwa fito, na rimu zake ni chuma kilichong'arishwa. Rimu hizo zikilowa, raba zinakosa pa kushika, na Magamba mwezi Juni ukungu peke yake unatosha kuzilowesha hata bila mvua. Kama anaipenda sana, aende nayo, apande nayo, apige nayo picha pale Mtae, halafu wakati wa kurudi aipakie juu ya basi. Mabasi ya Mtae huondoka alfajiri mbichi, kwa hiyo aulize jioni kabla ya kulala na akubaliane na kondakta bei ya mzigo. Na kama mmoja wenu atashawishika kuazima zile baiskeli za Kiholanzi zenye breki ya kukanyaga nyuma, akatae. Breki ile iko ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, joto halina pa kutokea, na kwenye mteremko mrefu grisi inaungua mpaka moshi unatoka.

Wajerumani nao walikutana na shida hiyo hiyo ya kushusha, wao wakiwa na magogo. Reli ilifika Mombo mwaka 1905, na miti mizuri ya mwangati ilikuwa huko juu Shume, kwenye ukingo wa mlima. Waliishia kufunga kamba za chuma angani kutoka Shume hadi kituo cha Mkumbara, mbao zikashushwa zikining'inia. Mwangati uliobaki mtauona kiasi mkielekea upande huo, katikati ya misonobari ya kupandwa.

Sasa hifadhi. Magamba ni kipande cha Milima ya Tao la Mashariki, ule mnyororo unaoanzia Taita kule Kenya na kuishia Udzungwa. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2010, ina zaidi ya hekta 9,000, na msimamizi wake ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Barabara kubwa ya kutoka Lushoto kwenda Lukozi inapita kando na ndani ya msitu huo, na hiyo ni barabara ya watu wote: magari, bodaboda, Fuso za kabichi. Kupita hapo na baiskeli ni haki yako kama mpita njia. Ukitaka kuiacha barabara na kuingia kwenye njia za msituni, hapo ni mgeni wa hifadhi. Nenda ofisi ya hifadhi, jiandikishe, lipa kiingilio, chukua mwongoza wageni. Malipo ya Serikali siku hizi yanakwenda kwa kontroo namba, kwa hiyo muwe na salio kwenye simu na si noti mfukoni, na mlipie mkiwa bado mjini Lushoto penye mtandao mzuri. Ulizeni hapo hapo ni njia ipi baiskeli inaruhusiwa. Msiridhike na jibu la kijana wa kijiweni.

Ushauri wangu binafsi ni kwamba ndani ya msitu wenyewe muache baiskeli muende kwa miguu. Njia zina mizizi na majani yaliyooza, zinateleza, na tairi likipita mara nyingi kwenye udongo mbichi linachimba mfereji ambao mvua inaumalizia. Zaidi ya hapo, juu ya baiskeli hamtaona kitu. Mbega weusi kwa weupe mtawasikia kabla ya kuwaona, wakiguruma juu ya miti. Vinyonga wa pembe mbili wa Usambara wanahitaji mtu aliyesimama kimya na mwongozaji mwenye macho, na ukipita hata kwa mwendo wa pole utawapita kumi bila kujua. Mtakapokuwa barabarani pia, wakati wa asubuhi yenye ukungu, angalieni lami na vumbi mbele ya gurudumu. Vinyonga wanavuka, na hawana haraka.

Baada ya Magamba njia inabadilika tabia. Vumbi jekundu linaanza, na ndiyo njia ya Lukozi, kwenye mboga: kabichi, karoti, viazi, na msimu wake mapeasi na mafyulisi. Kuanzia hapo hadi Mtae hakuna mlima mmoja mkubwa, kuna vilima visivyoisha, unapanda kidogo unashuka kidogo kutwa nzima. Kutoka Lushoto hadi Mtae ni kama kilomita 60, na msidanganyike na namba hiyo. Kwa watu wa tambarare wenye mizigo, igawanyeni. Watembea kwa miguu hulala Rangwi kwenye nyumba ya masista, na mkiona mmechoka fanyeni hivyo hivyo. Mtae yenyewe imekaa kwenye ncha ya mlima; siku ikiwa safi unaona uwanda wa Mkomazi chini yako, na ndiyo sababu nakubaliana na safari yenu. Kutakuwa na mtu atakayewaambia kuna njia ya mkato ya kuteremkia nyikani, upande wa Mnazi na Mng'aro. Njia zipo. Kwa baiskeli yenye mzigo, na breki za mtumba, zisahauni.

Juni ni mwezi mzuri kwa sababu masika yameisha, ila baridi ni kweli. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi sita na nusu, kwa hiyo mtatoka Mombo mkiwa na jasho na kufika Magamba mkitafuta sweta. Hatari ya baridi nayo iko kwenye kushuka: umelowa jasho, hukanyagi tena, upepo unakupiga kifuani, na vidole vikifa ganzi huwezi kubana breki. Glovu za bei rahisi za fundi ujenzi zinatosha, na koti la mvua livaliwe kabla ya kushuka, si baada ya kuanza kutetemeka. Mvua ikinyesha kwenye udongo mwekundu, ondoeni madigadi. Tope lile linashika, linajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na kijiti cha kulichokoa mtakitumia kila baada ya hatua hamsini.

Mizigo muifunge chini na nyuma kwenye keria, si mgongoni. Vipande vya tyubu kuukuu ndiyo kamba bora kuliko zote, vinavuta na havilegei, lakini ncha zake zichomekeni ndani. Ncha inayoning'inia ikiingia kwenye spoku wakati wa kushuka, gurudumu linasimama na wewe unaendelea. Bebeni tyubu ya akiba kwa kila baiskeli, viraka, solusheni, pampu, spana inayolingana na nati zenu, waya mmoja wa breki, na jozi moja ya raba. Upepo wa tairi upunguzeni kidogo mkimaliza lami. Tairi gumu kwenye mawe linaruka, na linaporuka breki hazina kazi.

Maji ni nusu lita kwa saa mnapopanda, na zaidi kidogo kabla ya Soni kwa sababu huko chini bado kuna joto. Vijito vya msituni vinapendeza kuangalia, ila mashamba na mifugo viko juu yake, kwa hiyo chemsheni au nunueni. Chakula hakisumbui: chai na maandazi asubuhi, ndizi mfukoni, na makande mchana popote mtakapoyaona jikoni kwa mama lishe. Kula kabla ya kusikia njaa, maana mlimani njaa inakuja ghafla na miguu inakataa.

Tokeni Mombo saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijakomaa na kabla magari ya mboga hayajaanza kushuka kwa wingi. Barabara ni nyembamba, upande mmoja mwamba na upande mwingine korongo. Kaeni kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, mkiachana hatua ishirini au zaidi, ili anayetaka kuwapita ampite mmoja mmoja. Mkisikia honi nyuma ya kona, jueni anakuja na hana mpango wa kusimama. Wakati wa kushuka kaeni kushoto hivyo hivyo lakini msitumie ule ukingo wenye mchanga, maana breki ya mbele juu ya mchanga ndiyo kweli inayoangusha watu. Bodaboda watawapita wakiwa wamezima injini kuokoa mafuta, kimya kabisa, kwa hiyo msihame njia bila kugeuza shingo.

Nikuombe kitu kimoja, Mwalimu. Wiki mbili kabla ya safari, pakieni mizigo yote kama mtakavyoibeba, nendeni Amboni na kurudi. Pale pale mtajua keria ipi inacheza, siti ipi inaumiza, na nani kati yenu ana haraka ya kuwaacha wenzake. Huyo mwenye haraka mumuweke nyuma siku ya kushuka.